Mkono wa Bi Kazija

Waliofika Kiwamboni si wengi, na waliorudi wakakubali kusimulia ni wachache zaidi. Anayetaka kuijua nchi hiyo hana budi kuridhika na habari za Sekela, binti aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, mwenye shahada ya historia, viatu vipya vinavyombana na imani kubwa kwa binadamu.

Sekela hakwenda kutembea. Kwao, mikanda ya filamu za zamani ilirundikwa katika ghala lenye paa linalovuja: sherehe za uhuru, mechi za mpira, harusi za watu ambao hakuna tena aliyejua majina yao. Mikanda ile ilikuwa inaoza. Ukifungua kopo, harufu ya siki ilikupiga usoni, na picha iliyokuwa ndani ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu. Sekela aliwahi kulia mbele ya makopo hayo, wenzake wakamcheka wiki nzima. Kwa hiyo aliposikia kwamba ipo nchi iliyoitunza historia yake yote katika mkanda mmoja, na kwamba raia wake huivaa picha hiyo shingoni, aliona huko ndiko atakakojifunza namna ya kuwaokoa wale watu wa kwenye makopo.

Jambo la kwanza aliloliona Kiwamboni ni mikono. Haikuonekana. Watu walitembea wameificha kwapani, mifukoni, ndani ya kanga. Sekela, asijue hili wala lile, alimpungia mkono mwanamke aliyekuwa anafagia langoni. Mwanamke akaangusha ufagio na kujikunyata ukutani.

"Shusha mkono, mheshimiwa mgeni!" alisema mzee mnene aliyekuja kumpokea, kanzu yake imepigwa pasi mpaka ina makali. "Shusha kabla hujasemwa."

"Kusemwa na nani?"

Mzee yule, ambaye jina lake lilikuwa Bwana Mwinyikondo na cheo chake Naibu Msemeshaji Mkuu, alielekeza kidevu kwenye kona ya barabara. Hapo alisimama kijana juu ya kreti la soda, spika mkononi, akiwatazama.

Kila mtaa wa Kiwamboni una msemeshaji wake, na kazi yake ni kueleza linalotendeka. Raia wawili wakigongana njiani, husimama wakasubiri. Msemeshaji akisema, "Wamesalimiana," huulizana habari za nyumbani na kwenda zao. Akisema, "Wamepigana," hukunja ngumi hata kama hawana ugomvi wowote. Siku ile ile Sekela alimwona mama mmoja akilia kwenye ngazi za zahanati. Spika ya mtaa ikatangaza kwa upole, "Mama anacheka. Mwanawe amepona." Mama yule akajifuta uso, akacheka. Alicheka muda mrefu, hata waliokuwa wakipita wakaharakisha mwendo.

"Ni utaratibu mzuri," alieleza Bwana Mwinyikondo. "Huko kwenu mtu anatenda jambo, kila mmoja anaelewa lake. Fujo tupu. Sisi jambo likitendeka linasemwa, limekwisha."

Utaratibu huo ulitokana na Picha Kuu. Zamani, Kiwamboni kabla haijawa nchi, mgeni mmoja asiyejulikana jina alisimamisha mashine yake kando ya mto, akapiga picha siku ambayo wanajeshi wa kigeni walivuka. Mkanda haukuwa na sauti. Wanaonekana wanajeshi wakishuka kwenye mitumbwi, mwanamume mwenye kofia amesimama nao, wapiga ngoma, watoto wanaokimbia, na mwanamke mwenye mtungi kichwani. Mwanamke anainua mkono. Kisha kijiji kinaungua. Kisha, baada ya sehemu ndefu iliyochakaa, kuna bendera. Hiyo ndiyo historia yote ya Kiwamboni. Hakuna iliyoandikwa, kwa sababu Baraza liliamua kwamba maandishi yanaweza kudanganya lakini picha haiwezi.

Tabu ni kwamba picha haikusema neno, na ilibidi mtu aseme. Ndipo kilipoanzishwa cheo cha Msemeshaji Mkuu. Huyo husimama kando ya kitambaa cheupe kilichotandazwa ukutani na kueleza nani anafanya nini na kwa sababu gani, na alilolisema huwa sheria mpaka afe. Akifa huteuliwa mwingine, na Picha Kuu huonyeshwa upya kwa maneno mapya. Sekela alikuwa amefika katika majira hayo hasa. Msemeshaji Mkuu alikuwa amezikwa, mrithi wake alikuwa ameteuliwa, na nchi nzima ilikuwa inasubiri kuambiwa ilikuwa nani.

Kuhusu kuivaa picha, habari zilikuwa za kweli. Kila raia anapofikia utu uzima hukatiwa kipande cha Picha Kuu chenye sura ya babu au bibi yake, kikawekwa ndani ya kioo na kufungwa shingoni kwa uzi. Askari akimtilia mtu shaka, hukishika kipande kile na kukitazama kwenye jua. Mwanzoni Sekela aliona ni jambo la kupendeza mno, mtu kutembea na mzee wake kifuani. Baadaye, akiwa anavua viatu, wazo lilimjia na kumkosesha raha.

"Bwana Mwinyikondo," alimwuliza kesho yake, "mkikata kila mwaka, si mkanda unapungua?"

"Unapungua, ndiyo."

"Basi Picha Kuu ina mapengo."

"Mapengo ndiyo taifa lenyewe," alijibu Naibu kwa fahari. "Kila pengo ni raia."

Sekela alipangiwa kulala kwa Mwanatumu, mjane wa makamo aliyekuwa na vyumba viwili vya wageni uani. Huko alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie nchini, maana Mwanatumu alikuwa na ulimi mwepesi, ingawa hata akizungumza jikoni kwake mikono aliiweka ndani ya kanga.

"Kula, mwanangu, umekonda kama utambi wa taa. Achari usiniulize. Siki hapa ni marufuku, ndiyo harufu ya mkanda unaokufa. Ukiisikia kwa jirani unajitanda unakwenda kutoa pole."

"Na mkitaka kachumbari?"

"Tunakula nyanya na huzuni yake."

Kipande cha Mwanatumu kilionyesha mkono, mkono tu mpaka kwenye kiwiko, na ukingo wa mtungi. Ulikuwa mkono wa bibi yake, Bi Kazija, yule mwanamke wa kando ya mto.

Asubuhi moja walikwenda sokoni kununua mchicha. Walikuwa wanachagua fungu wakati soko zima lilipofumba macho. Halikutolewa tangazo lolote. Wauzaji na wanunuzi walisimama palepale walipo, kope zimebanwa, mmoja ameshika mizani hewani. Katikati yao alipita mzee mwenye shati lililochanika, shingoni hana kitu. Alisimama mbele ya meza ya mihogo, akachukua mmoja, akausogeza karibu na pua ya mwenye meza.

"Nimechukua muhogo, Shaali," alisema. "Muhogo wako huu hapa, nimeuiba. Nitukane basi. Hata tusi moja."

Shaali alitetemeka taya, lakini macho hakufumbua. Mzee akageuka, na macho yake yakakutana na ya Sekela. Alichofanya baada ya hapo Sekela hakukisahau: alifunga kifungo cha shati, kile kimoja kilichobaki, akajinyoosha kama mtu anayepigwa picha. Hapo hapo kiganja cha Mwanatumu kilitoka kwenye kanga na kumfunika Sekela uso.

"Unataka kutuua?" alinong'ona.

Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, alimweleza. Yule mzee alikuwa amezimwa. Katika maneno ya Msemeshaji aliyekufa, msaliti alikuwa yule mwanamume wa kofia, na hukumu ya msaliti huangukia uzao wake wote. Waliozimwa hunyang'anywa kipande, na haruhusiwi mtu yeyote kuwatazama. Hawafungwi wala hawapigwi. Anayewatazama huzimwa naye.

"Walikuwa ukoo mkubwa," alisema Mwanatumu. "Wengine wakakimbilia nje. Wengine, ah. Mtu asiyetazamwa hafiki mbali, mwanangu. Anakaa chini mahali, hainuki. Amebaki yule peke yake."

"Akifa?"

Mwanatumu alikaa akiichambua mboga ambayo ilikuwa imekwisha kuchambuliwa.

Yule mzee alikufa juma hilo hilo. Sekela alijua kwa sababu Baraza liliitishwa kwa haraka, naye, kwa heshima ya mgeni, akapewa kiti cha nyuma.

Hoja ilikuwa moja. Kwa mujibu wa sheria, kila usemeshaji lazima uwe na shujaa mmoja na msaliti mmoja, na ukoo wa mwenye kofia ulikuwa umekwisha. Mvua nazo zilikuwa zimekosekana, watu wana njaa na hasira, hapakuwa na wa kumlaumu.

"Picha bila msaliti," alisema mjumbe mmoja mwenye miwani, "ni tangazo la utalii."

Wakataja wapiga ngoma. Lakini uzao wa wapiga ngoma ulikuwa mtaa mzima, na ndani yake walikuwemo waokaji wa mikate wote. Wakataja watoto wanaokimbia. Wajumbe wanne wakakohoa, kwani walikuwa wajukuu wa watoto hao. Akabaki mwanamke wa mtungi. Zamani alisemwa kuwa anazuia jeshi, akajengewa sanamu uwanjani, kiganja mbele. Msemeshaji aliyefuata alisema anajikinga jua, mafundi wakalikata bega la sanamu na kuliunga upya, kiganja kwenye paji la uso. Sasa baadhi ya wajumbe waliona anawaonyesha wanajeshi walikojificha wapiganaji.

"Kiwiko kimepinda," alisema mwenye miwani. "Mtu anayezuia hapindi kiwiko."

"Babu yangu alizuia ng'ombe kwa kiwiko kilichopinda maisha yake yote," alijibu mwingine.

"Ndiyo maana babu yako hana sanamu."

Walicheka, na kicheko chao kilikuwa cha watu waliofarijika, kwa kuwa hakuna miongoni mwao aliyevaa mkono ule. Sekela aliwatazama. Alimfikiria Mwanatumu amesimama sokoni na shingo tupu, akimwonyesha muuzaji fungu la mchicha. Kabla hajajizuia alikuwa amesimama.

"Samahani, waheshimiwa. Jibu mnalo. Baada ya mkono kuinuka kuna pengo, na pengo hilo ni vipande mlivyovaa. Vikusanyeni kwa siku moja tu. Vibandikwe pamoja, mtazame mkono ulikwenda wapi. Kisha kila mtu arudishiwe chake."

Sekela alidhani wanafikiri. Kisha akaona wengi wao wameshika shingo zao kwa mikono miwili.

"Na siku hiyo," aliuliza mjumbe mmoja kwa sauti ndogo, "sisi tutakuwa nani?"

Bwana Mwinyikondo alimtoa nje akimshika mkono. Barazani, mbali na masikio ya watu, jasho lilikuwa linamtiririka. "Binti, umewatisha watu wazima. Hujafikiri? Huenda kipande chenye jibu ndicho hiki changu. Nimekivaa tangu ujana wangu. Sijawahi kukitazama kwenye jua, na sitakitazama."

Jioni jirani alichungulia ukutani kwa Mwanatumu, uso umejaa tabasamu.

"Hongera, dada! Una mtu juu. Ukiwa mkubwa usitusahau sisi wa chini."

"Asante, dada. Nikiwa mkubwa nitakuletea ngazi."

Sekela akageuka. "Mtu gani huyo?"

Ndipo alipopata kujua. Msemeshaji Mkuu mpya, Chande, alikuwa mdogo wake Mwanatumu. Mama yao alikufa Chande akiwa hajaota meno, na dada ndiye aliyembeba mgongoni akiuza vitumbua, akamfundisha kutembea kati ya meza za soko.

"Basi umepona!" alisema Sekela. "Hawezi kumsema bibi yake mwenyewe kuwa msaliti."

"Hana bibi." Mwanatumu alikuwa anaosha vyombo, na alizungumza bila kugeuka. "Siku ya kuteuliwa alikabidhi kipande chake. Msemeshaji Mkuu hana ukoo, ndiyo sheria, ili asipendelee. Juzi gari lake lilipita hapa, hakugeuza shingo. Ulishamwona refa mwenye ndugu uwanjani? Timu ya ndugu yake ndiyo inayopigiwa penalti, ili watu wasiseme. Kama angekuwa mtu baki ningelala usingizi."

Sekela hakulala. Asubuhi aliomba ruhusa ya mgeni kumtembelea Msemeshaji Mkuu, akapewa.

Alimkuta katika chumba cha projekta, kijana mwembamba ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata kumkaribisha mtu kiti kulisikika kama habari njema. Hakuuliza habari za dada yake. Aliuliza hivi:

"Huko ulikofikia, wanakula vizuri?"

"Wanakula nyanya bila siki."

Kitu kilipita usoni mwake, kikaondoka. "Nimeitazama," alisema. "Msemeshaji ndiye pekee anayeruhusiwa kuitazama bila maneno. Nimeitazama mpaka machozi yakakauka. Mkono unapanda, kisha mwanga mtupu, kisha moto. Basi."

"Sema ni shujaa, kaka. Kwani kuna nini? Umwokoe."

"Nikimsema shujaa, watadai msaliti. Nitampa nani? Wapiga ngoma? Umeona mtaa wao? Kuna vijana huko wamevalishwa vipande mwezi uliopita." Alizima taa ya projekta, akakaa gizani kidogo. "Tangu nizaliwe nimetaka kazi hii. Nilidhani ni kazi ya kuwaambia watu ukweli. Nenda, mgeni. Usimwambie mtu kwamba nimeuliza habari za chakula."

Siku ya kuonyesha Picha Kuu ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mapazia mazito, na raia waliingia kimya, familia baada ya familia. Waliotajwa barazani walipangwa mbele, upande wa kushoto. Uzao wa Bi Kazija ulikuwa mtu mmoja tu. Mwanatumu alisimama peke yake katika kanga mpya, na nyuma yake walisimama askari wawili, mmoja ameshika mkasi wa kukatia uzi. Sekela alikaa safu ya tatu. Alisikia meno yanagongana, akadhani ni ya jirani yake, kisha akagundua kuwa ni yake.

Chande alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti. Taa zikazimwa. Mto ukatokea ukutani, mkubwa, wenye mikwaruzo kama mvua.

"Wanavuka," alisema Chande, na ukumbi ukavuta pumzi pamoja naye. "Mitumbwi ni mingi. Hao ni watoto, wanakimbia. Hao ni wapiga ngoma."

Picha iliruka kila pengo lilipofika. Watu walijikuta upande huu wa mto, kisha upande ule, bila kujua wamevukaje. Kisha akatokea mwanamke wa mtungi. Alikuwa mdogo kuliko Sekela alivyotarajia, karibu rika lake. Alitazama upande wa mashine, akainua mkono, kiwiko kimepinda kidogo. Mwanga mweupe ukajaa ukutani.

"Huyu ni Bi Kazija," alisema Chande. "Ameinua mkono."

Wakasubiri. Projekta ilinguruma.

"Sijui kwa nini."

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa mahali pale. Kisha kelele ikaanzia nyuma ikija mbele, na haikuwa ya hasira, ilikuwa ya hofu.

"Sema!"

"Msemeshaji, nina watoto! Sema!"

"Tudanganye basi!" alilia mwanamume mmoja amesimama juu ya kiti. "Tudanganye, lakini sema!"

"Nimeitazama mpaka nimechoka," alisema Chande. Sauti yake nzuri ilikuwa imekauka, ikawa ya mtu wa kawaida. "Kilichofuata kimo shingoni mwenu. Mimi sikijui, nanyi hamkijui. Alikuwa mtu. Alikuwa na mtungi kichwani, wanajeshi mbele yake, akainua mkono. Zaidi ya hapo sitamsemea."

Watu walikanyagana kuelekea jukwaani. Kama Bi Kazija hakujulikana, basi hakujulikana mtu yeyote, na kila mmoja alikishika kipande chake kana kwamba kinataka kuruka. Ni Bwana Mwinyikondo aliyewaokoa. Alikuwa Naibu chini ya Wasemeshaji watatu na maneno alikuwa nayo tayari. Alimsukuma Chande, akakinyakua kipaza sauti.

"Anazuia jeshi!" alipiga kelele. "Bi Kazija anazuia jeshi! Huyo ni shujaa wetu!"

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana. Askari mwenye mkasi alirudi nyuma hatua mbili na kumpigia Mwanatumu saluti, kwani sasa alikuwa mjukuu wa shujaa. Mwanatumu hakuiona saluti ile. Alikuwa anatazama jukwaani.

"Na msaliti?" ilisikika sauti kutoka safu za katikati. "Msaliti ni nani?"

Bwana Mwinyikondo alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama uzao wa wapiga ngoma, akatazama wajumbe wa Baraza. Kisha akageuka, polepole, na kumtazama kijana aliyesimama kando yake.

"Msaliti wa safari hii," alisema, "hayumo kwenye picha."

Askari wakapanda. Mkasi ulitafuta uzi shingoni mwa Chande, haukupata, kwa kuwa alikwisha kukabidhi kipande chake siku walipompa cheo. Ikabaki amri tu.

"Fumbeni!"

Watu wote wakafumba macho. Sekela naye alifumba. Hakukusudia, mwili wake ulijiamulia, kope zikashuka kama mlango unaosukumwa na upepo. Gizani alisikia projekta ikizunguka bure, mkanda umekwisha, ncha yake ikipiga, tap, tap, tap. Alisikia mtu akipumua jukwaani kwa shida. Alitaka kufumbua. Aliwaza nyumbani kwao, mama yake, cheti chake kilichofungwa kwenye bahasha, na macho yakakataa.

Kisha zikasikika ndara. Zilitoka upande wa kushoto, zikapanda ngazi za jukwaa bila haraka.

"Chande."

"Dada, fumba macho."

"Mbona umekonda hivi? Hawakupi chakula huko?"

"Dada, nakuomba. Wewe ni wa shujaa sasa. Watakuzima."

"Nani ameniona?" aliuliza Mwanatumu. "Wote hawa wamefumba."

Kisha Bwana Mwinyikondo, kwa sauti iliyopanda na kukatika: "Nani anazungumza na aliyezimwa? Aliyefumbua ni nani? Askari! Amtaje aliyemwona!"

Hakuna askari aliyejibu. Kumtaja mtu ilibidi kwanza umtazame, na kumtazama ni kuwa umefumbua. Amri ikaning'inia juu ya ukumbi ule, na watu wakaanza kuielewa mmoja mmoja, gizani, kila mtu kichwani mwake.

"Shika mkono wangu," alisema Mwanatumu. "Kuna ngazi mbovu hapa. Twende ukale."

Sekela alifumbua.

Kwanza aliona mwanga mweupe ukutani, na mbele yake Bwana Mwinyikondo akifoka, kope zimebanwa, jasho likitona kwenye kanzu. Aliona askari wawili wamesimama kama sanamu, mkasi wazi hewani, nyuso zimekunjamana kwa kufumba. Aliona mamia ya nyuso zilizofumba. Mwanatumu na Chande walikuwa wameshuka jukwaani, wanapita katikati ya viti wameshikana mikono, hadharani, mtu na dada yake. Hofu haikuwa imemtoka Sekela. Alijua kwamba huenda kesho watazimwa wote. Lakini aliendelea kutazama.

Ndipo akawaona wengine. Mwanamke wa safu ya pili alikuwa amejifunika uso kwa viganja, na vidole viwili vilikuwa vimeachana kidogo, jicho likimeta katikati. Shaali muuza mihogo alikuwa anatazama wazi kabisa, machozi yanamtoka. Mbele zaidi, karibu na mlango, mzee mmoja wa mtaa wa wapiga ngoma aliyekaa pembeni aliwaona wanakuja na njia ni nyembamba. Aliwatazama usoni, wote wawili, akakunja magoti kuwapisha.